Nguo za Msumarini

2 Machi

Wifi yangu, mwenye ulimi wa pilipili na moyo wa maziwa,

Nakusalimu haraka kabla mtoto hajaamka. Sisi huku tupo. Mama mkwe mguu umepungua uvimbe, sasa anafika mpaka bombani kugombana na watu kuhusu foleni. Kifaranga ametoa meno mawili ya chini, na mimi ninayemnyonyesha nimekiona cha mtema kuni. Simu yangu tangu aitose kwenye ndoo haijafufuka, na ya jirani siwezi kuongelea mambo yangu huku anapepeta mchele masikio yamesimama. Kwa hiyo nakuandikia, na dereva wa lori la saruji amekubali kubeba.

Sasa lililonikalisha chini. Ndugu yako haandiki. Zamani lori halikupita hapa njia panda bila yeye kumpa dereva walau mistari miwili. Sasa linapita, mimi nasimama na mtoto mgongoni, dereva ananipungia mkono na kuendelea. Barua ya mwisho aliniambia saiti imeletewa msimamizi mpya, na kwamba huyo bwana anamcheka yeye kwa sababu kila ubao wa jukwaa la kupandia anaukanyaga mara mbili kabla ya kuuamini. Kwamba sasa saiti nzima inamwita Kinyonga. Aliandika kama anacheka, lakini mimi nimelala na yule mtu, najua kicheko chake cha kweli kinavyoandikwa.

Wewe uko hapo hapo, unawapikia, unawafulia. Mwangalie kwa macho yangu. Je, amekasirika? Amenichoka? Muulize, na usimwambie nimekutuma.

Mimi wifi yako, mama Kifaranga

21 Machi

Wewe mtoto wa watu,

Umemkosa mume siku chache tu umeanza kukimbiza malori. Salamu zako zimefika na nimezila kama zilivyo. Mwambie mama apunguze kugombana, siku moja watamwaga maji yake. Mwambie Kifaranga shangazi yake anakuja na ufagio, akiendelea kumng'ata mtu anayemlisha tutajua ukoo wake wa upande gani. Si wetu.

Mdogo wangu mzima. Kazi ni nyingi, ndiyo maana haandiki. Anakula vizuri. Juzi nilimpelekea uji akaumaliza. Shati lake la bluu nimelifua. Analala vizuri pia, wala hasumbui mtu. Kwa kifupi anakula vizuri sana.

Habari ya kuja huku iache. Barabara imeharibika, na vumbi la saruji halimfai mtoto mdogo. Kaa na mama. Mimi nipo.

Wifi yako

9 Aprili

Wifi,

Natumaini barua hii imekukuta unapumua vizuri kuliko mimi. Mama anakusalimu, anasema ufagio wako uulete kweli maana wetu umebaki mpini. Kifaranga sasa anakaa bila kuegemea, ila akicheka anaanguka chali na kushangaa dari.

Barua yako nimeisoma jikoni, nimeisoma kitandani, nimeisoma nikiwa naosha vyombo mpaka ikalowa. Umesema anakula vizuri, kisha ukasema tena anakula vizuri, kisha sana. Hakuna aliyekuuliza chakula. Na uji, wifi? Mtu anayefunga mabomba ya jukwaa juu ya ghorofa anapelekewa uji? Anapelekewa wapi? Si anakuja na sahani yake jikoni kwako kama wenzake, anakutania upate kumwongeza? Halafu habari ya kuja. Mimi sikusema nakuja. Wewe ndiye umenikataza jambo ambalo sijalitamka.

Nilimshika dereva. Nikamwambia, "Shemeji, mume wangu umemwona?" Akainama kuangalia tairi. Nikamwambia, "Tairi lina nini?" Akasema, "Halina kitu." Akaendelea kuinama.

Kama amepata mwanamke, niambie, nitalia na nitanyamaza. Kama ni jingine, niambie pia. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi si mgeni wako. Hapa nilipo nazungumza na mtoto na sauti inakatika, yeye ananiangalia mdomo akidhani ni mchezo.

Mama Kifaranga

30 Aprili

Wifi,

Leo nimezitafuta salamu sikuzipata. Mama msalimie kwa mdomo wako, na hii usimsomee.

Hakuna mwanamke. Laiti angekuwepo. Ningekuja mwenyewe kukupa habari, tungemsema mpaka koo likauke.

Mdogo wangu alianguka kutoka jukwaani, mwishoni mwa Februari. Ulipoandika ile barua yako ya kwanza alikuwa tayari wodini.

Mbao hapa hazitoshi. Ukuta ukipanda, zile za chini zinang'olewa zikatandikwe juu, na chini yanabaki mabomba matupu. Siku ile alishuka kunywa maji. Nyuma yake msimamizi akamwamuru Shoka, mwenzake wanayefunga naye mabomba, ang'oe mbao mbili. Shoka akang'oa akapanda nazo. Mifuko mitupu ya saruji ikapeperuka ikalala juu ya lile pengo. Mdogo wangu akarudi, zege limeshachanganywa, watu wanapiga mluzi na msimamizi anasema, "Kinyonga, ukianza kujaribu ubao leo zege litakuwa jiwe." Siku zote hujaribu. Siku hiyo aliona haya, akakanyaga mifuko.

Aliangukia nyonga.

Sasa sikiliza, na ukishasikia unichukie kidogo kidogo, usinichukie yote kwa siku moja. Stoo yetu ina msumari nyuma ya mlango. Msumarini pana shati, suruali na kandambili. Tunaziita nguo za nyumbani. Mtu akiumia anavuliwa za kazi, anafutwa saruji, anavalishwa zile, ndipo anapitishwa mlango wa nyuma kwenda hospitali, na sote kauli moja: ameteleza bafuni, ameanguka ngazini kwake. Kwa sababu wengi wetu tulitoka saiti nyingine iliyofungwa baada ya ajali, na tulitawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Hatukulazimishwa, wifi. Msimamizi wa zamani aligongomea msumari, nguo tulileta wenyewe. Shati ni la fundi lipu. Suruali alitoa Shoka. Kandambili ni zangu. Na kila zikirudi, mimi ndiye ninayezifua na kuzitundika. Tumezoea mpaka tunatania nazo. Mtu akipanda bila mkanda tunamwambia, "Suruali ya stoo itakubana wewe."

Mdogo wangu aliyajua yote hayo. Yuko chini, kichwa hakiinuki, na ni yeye mwenyewe aliyesema, "Nileteeni nguo." Wakamvua. Suruali ikakataa kupita, wakauvuta mguu. Sauti aliyoitoa siwezi kuiandika. Daktari alipomwona akauliza, "Nani kamvuta huyu? Kuanguka nakuona, na kuvutwa nakuona." Tukasema bafuni. Yeye naye akasema bafuni.

Mfupa unaunga kombo. Kuna hospitali kubwa wanaweza kuuvunja upya na kuupanga, na aliyeumia kazini mwajiri wake ana wajibu wa kumpeleka. Wa bafuni anasubiri foleni, na foleni ni ndefu kuliko mfupa unavyoweza kungoja.

Alinikataza kukuambia. Nguo ziko msumarini, zimekauka.

Dada yake

12 Mei

Wifi yangu,

Salamu zako nimezipokea ingawa hukuzituma. Mama nimemwambia mwanawe amevunjika kidole. Kifaranga ana homa ya meno, nimembeba mchana kutwa hata mkono umekufa ganzi. Nilitaka kuparamia lori lile lile nije, lakini nani nimwachie huyu, na mama mguu umerudi kuvimba? Nimefungwa hapa kama mbuzi kwenye kigingi.

Sikuchukii. Nilijaribu. Nilikaa nje ya mlango nikakutukana jina moja moja mpaka nikaishiwa, kisha nikakukumbuka ulivyonishika mgongo siku ninajifungua, ukasema sukuma, mimi nipo. Hata hivyo nakuomba kitu, tena nakuomba kwa magoti. Nguo zile usizifue tena.

Na haya hapa chini wasomee wenzako wakati wa chakula.

"Mimi ni mke wa Kinyonga. Shule sikwenda mbali, kwa hiyo nitasema kama nilivyo. Sijamkasirikia Shoka, alitumwa. Najua mnaogopa saiti kufungwa, hata sufuria yangu inategemea saiti hiyo. Najua pia nguo zile hamkuzileta kwa ubaya. Mlizileta ili aliyeumia asiwe sababu ya njaa ya wenzake, na yeye akakubali avuliwe kwa ajili yenu. Mnapendana, nimeona. Lakini mapenzi gani haya ya kumvuta mtu mguu uliovunjika? Wakubwa walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ninyi mnafichiana, na mtaumbuka mmoja mmoja.

"Mtu akianguka, mwacheni alivyoanguka. Mshikeni kichwa, iteni gari. Saruji iliyo mwilini mwake iseme alikuwa wapi. Na ubao using'olewe kabla mng'oaji hajapiga kelele na walio juu na chini wakamjibu. Asiyejibiwa asing'oe. Mkinyimwa mbao, semeni kwa mkupuo, maana anayesema peke yake ni mkorofi. Na anayejaribu ubao kabla ya kukanyaga, jamani, msimpigie mluzi."

Ni hayo. Kama nimekosea maneno rekebisha, wewe unajua wanavyoongea.

Mama Kifaranga

17 Juni

Wifi,

Mama aendelee na kidole chake, bora hivyo. Mtoto homa ikirudi mfute na maji ya vuguvugu, si ya baridi, wewe una haraka sana. Mimi nimekonda, sura imebaki meno. Mengine nakuambia kwa mpangilio, maana mwenyewe bado sijayaamini.

Niliwasomea. Waliendelea kula. Mmoja akasema, "Mke wa Kinyonga anasema vizuri kwa sababu halali huku." Wakacheka kidogo wakarudi kwenye sahani. Msimamizi habari zikamfikia, nikatolewa jikoni nikapewa karai la kokoto. Nguo niliacha kuzifua. Lakini kuzitoa msumarini sikuzitoa. Nilikuwa nazipita tu nikitazama pembeni. Ndivyo nilivyo, wifi, nusu nusu.

Kitu kimoja kilibadilika. Shoka alianza kupiga kelele. Kila akigusa ubao anaita, "Natoa!" na anangoja ajibiwe. Msimamizi akamuuliza kama anauza samaki. Yeye anaita tu. Baada ya muda vibarua wa juu wakaanza kumjibu, kwanza kwa utani, "Toa, muuza samaki," baadaye bila utani.

Kisha ngazi ikakatika na mwanamke mmoja. Tunabeba naye kokoto, tunamwita Bi Harusi kwa jinsi anavyotembea na karai kichwani kama anasindikizwa. Alidondoka akalala chali, macho wazi, miguu haisogei. Msimamizi akaita, "Nguo!" Kijibwa wake mmoja akakimbia stoo. Akarudi nazo. Tukabaki tunazitazama. Zilikuwa za kiume, hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mwanamke naye ataanguka.

Msimamizi akanigeukia. "Wewe vua gauni lako la juu umpe. Akina mama, mvueni huyu, upesi."

Bi Harusi akasema kwa sauti ndogo, macho bado juu, "Sivuliwi mbele ya mafundi lipu."

Mtu akacheka. Halafu kicheko kikamfia mdomoni.

Miguu yangu ikanikalisha, wifi, sikuikalisha mimi. Nilikaa juu ya kokoto nikamshika kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, nikasema, "Havuliwi." Mwanamke mwingine akakaa upande wa miguu. Mwingine naye. Msimamizi akasema tutafukuzwa wote. Shoka akaja akakaa, akiwa wa kwanza kwa wanaume, kisha fundi lipu, kisha sikuona tena maana walituzunguka. Yule kijibwa akabaki amesimama na suruali mkononi kama muuza mitumba siku ya mvua. Hakuna aliyempokea.

Gari likaja, akabebwa na ubao chini ya mgongo, saruji mpaka kwenye kope. Daktari ni yule yule. Safari hii hakuuliza bafu gani.

Mkaguzi wa usalama kazini amekuja, ametumwa na wakubwa huko serikalini. Saiti imefungwa mpaka mbao, mikanda na ngazi mpya vije, na msimamizi ameondolewa. Usidhani tunashangilia. Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa anachanganya zege pale, sasa maji yake machafu anayamwaga mlangoni kwangu na hasemi samahani. Wengine tukikutana wanaangalia viatu. Tunakula mara moja.

Sasa kubwa. Tulipoulizwa nani waliumia kabla, watu walisema. Mwenye kidole, mwenye mgongo, mwenye jicho. Suruali moja, watu wote wale. Shoka alisema mwenyewe habari za mbao mbili. Mkaguzi akaenda wodini kwa mdogo wangu, na unajua alijibiwa nini? Bafuni. Nimembembeleza, nimemfokea. Anasema, "Nikisema kazini, Shoka atafungwa, na Shoka ana watoto wanne." Mkaguzi naye anasema mgonjwa mwenye akili zake akitamka bafuni, yeye ataandika vipi kazini? Atarudi mara moja tu, na bila neno lake hapelekwi popote. Nimeishiwa. Mimi nimeweza kukaa chini mbele ya msimamizi, ila mdogo wangu wa tumbo moja simwezi.

Dada yake

28 Juni

Wifi,

Pole kwa kula mara moja. Nimekufungia unga na maharagwe, dereva sasa anapeleka saruji kwingine lakini amesema atapinda njia kwa ajili yako. Mtoto hajambo. Mama kidole nimemtegulia, nimemwambia kweli. Alilia kwa heshima, akafunika uso, kisha akaniuliza mbona sijaandika bado. Kwa hiyo naandika. Haya ni yake yeye, mpe asome mwenyewe, usimsomee.

"Baba Kifaranga,

"Mwanao anafanana nawe mpaka naona kama unanitania. Anashika ukingo wa kitanda na kuutikisa kwanza, ndipo ajivute.

"Sikulaumu kuanguka. Nakulaumu bafu. Umemfunika Shoka na yeye mwenyewe anajifunua, ametoa suruali yake akaijutia, anaita mbao kwa sauti ya juu. Mume wangu, mtu huyo hataki umfiche, anataka usimame naye. Na mimi umenifunika mpaka nikakosa hewa. Miezi yote naongea na tairi la lori.

"Yule wa kwanza kabisa kuvalishwa zile nguo, sijui ni nani, angetamka kazini siku ile, pengo lisingekungoja wewe. Ukinyamaza wewe, linamngoja nani? Saiti itafunguliwa. Watu watapanda. Wewe ndiye uliyekuwa ukijaribu ubao na wenzako wakakucheka. Basi jaribu na hili neno, likanyage hata kwa hofu. Mimi niko chini nimeshika.

"Ukija mguu kombo nitakupokea. Ukija kwa mikongojo nitakupokea. Lakini usije na lile bafu, kwenye nyumba yangu halina nafasi."

Mwisho wa maneno yake. Wifi, nina tumaini, hata sijui linatoka wapi. Lakini lipo.

Mama Kifaranga

15 Julai

Wifi yangu,

Unga umefika, maharagwe yamefika, yule jirani nimemgawia na hakuyakataa, ingawa asante ameimeza. Mama mwambie alilia vizuri.

Barua yako mdogo wangu aliisoma akaiweka kifuani, akageuza uso ukutani. Nikadhani basi. Mkaguzi alipokuja, Shoka alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, amevua kofia. Mkaguzi akauliza lile lile, "Ulianguka wapi?" Mdogo wangu akamtazama Shoka. Shoka akasema, "Sema, kaka. Mimi nimeshasema." Akasema. Jukwaa, mbao, mifuko, mluzi, nguo, yote, mpaka alivyoziomba mwenyewe. Alikuwa analia, wifi, na hakujifuta.

Habari ya Shoka kufungwa mkaguzi hakuahidi hivi wala vile. Alisema tu aliyetuma ana la kujibu kuliko aliyetumwa. Kuhusu mfupa daktari naye haahidi. Wanamhamisha keshokutwa. Tumechelewa, anasema, kutembea huenda akatembea, kupanda asahau. Njoo kwenye hiyo hospitali kubwa, anakuita. Amesema, "Aje na mtoto."

Limebaki moja. Mkaguzi alipomaliza kuandika aliinua kichwa akasema wenye saiti watapinga, kwa kuwa hospitali ilimpokea akiwa na nguo safi na kandambili. Akauliza kama kuna chochote cha kuonyesha siku ile alikuwa kazini. Shoka akasema nguo za kazi zote hufuliwa.

Siku ile, walipomvua, walinirushia ovaroli yake niifue pamoja na nyingine. Nilimwambia mkaguzi angoje. Nilikimbia mpaka chumbani kwangu, nikapiga magoti, nikavuta kutoka chini ya kitanda mfuko wa saruji nilioufunga kwa kamba, nikarudi nao wodini kifuani kama mtoto. Niliitandika ile ovaroli juu ya miguu yake mbele yao wote. Zege limegandia magotini, upande wa nyonga umechanika na damu imekuwa nyeusi.

Ile sikuifua, wifi.